Baridi yabisi si ugonjwa mmoja

Maneno haya mawili yalitujia kutoka Kiarabu, na yalipokuja hayakuwa jina la ugonjwa. Yalikuwa nadharia. Katika utabibu wa kale wa Wagiriki, ambao Ibn Sina na wenzake waliuendeleza kwa Kiarabu, kila mwili na kila chakula kilihesabiwa kuwa na tabia yake: ya moto au ya baridi, ya majimaji au ya ukavu. Yabisi ni kavu. Aliyekakamaa viungo alionekana kuzidiwa na ubaridi na ukavu, basi akatibiwa kwa kinyume chake, yaani joto na mafuta. Ndiyo maana mpaka leo mtu akishikwa na magoti Tanga au Mombasa hukandwa kwa maji ya moto, hupakwa mafuta ya habasoda au ya nyonyo, na hukatazwa kulala chini ya feni. Nadharia ilishakufa kitambo, lakini jina lake bado linaandika dawa.

Wazungu nao hawakuwa mbali. Neno lao la rumatizimu limetokana na Kigiriki, na maana yake ni kutiririka, kwa kuwa waliamini kuna majimaji mabaya yanayoshuka kutoka kichwani na kutua viungoni. Gauti, ambayo sisi tunaiita jongo, jina lake la Kizungu limetokana na tone. Kila mmoja alikisia kisha akaubatiza ukisiaji wake.

Tabu ya hapa kwetu ni kwamba jina limebaki moja huku magonjwa yakigunduliwa kuwa zaidi ya 100. Daktari akisema baridi yabisi mara nyingi anakusudia ugonjwa mmoja maalumu, rumatoidi athraitisi, ambamo kinga ya mwili hugeuka na kuvishambulia viungo vya mwili wenyewe. Mgonjwa akisema baridi yabisi anakusudia chochote kinachouma penye kiungo. Wawili hao wanaweza kuzungumza nusu saa, wakaelewana kabisa, na kila mmoja akawa anazungumzia jambo lake.

Mama yangu mkubwa ni fundi cherehani. Alipoanza kuumwa vidole, kila alikokwenda aliulizwa swali lile lile: "Shikamoo mama, inauma wapi?" Naye alionyesha: hapa, hapa na hapa. Duka la dawa likampa diklofenaki. Jirani akampa mafuta. Hospitali moja ikampiga eksirei ya mikono, ikamwambia mifupa yake ni mizima, ni utu uzima tu. Alikuwa na miaka 46. Ilipita miezi minane kabla hajatokea mtu wa kumuuliza inauma saa ngapi. Jibu alikuwa nalo siku zote. Akiamka kwa swala ya alfajiri vidole vimekaza kama vijiti. Bomba la maji ya udhu alilifungua kwa kiganja, maana vidole vilikataa kukunja. Mpaka saa tatu asubuhi ndipo vilipolegea, akaweza kushika sindano.

Ukakamavu wa asubuhi unaodumu saa nzima au zaidi, kisha ukapungua kwa kutumia mikono, karibu unataja ugonjwa kwa jina. Goti lililochakaa kwa umri nalo hukaza asubuhi, lakini hulegea ndani ya dakika chache, na maumivu yake huongezeka kadiri siku inavyokwenda na kazi inavyozidi. Mahali pa maumivu panaweza kuwa pale pale. Kinachotofautiana ni wakati: yalianza kwa kasi gani, hushika saa ngapi, yamekaa muda gani. Ninavyoona mimi, nusu ya makosa yanayofanyika katika maradhi haya huanzia hapo, pale mgonjwa anapoonyesha mahali na kila mtu akaishia kutazama mahali.

Tuanze na yale yanayokuja kwa saa.

Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, mwenyewe ana homa na hawezi kukisogeza hata kidogo, hiyo ni dharura sawa na ajali. Mara nyingi ni bakteria, hasa stafilokokasi, waliosafiri kwa damu au walioingia kwa jeraha. Usaha ukikaa ndani ya kiungo hula gegedu, ile tishu ngumu nyeupe inayofunika ncha za mifupa, na siku chache zinatosha kuacha kilema cha maisha. Tiba yake ni kuuvuta au kuuosha usaha hospitalini na kuchoma antibiotiki kwenye mshipa. Mtoto mdogo aliyekuwa anakimbia jana, leo akakataa kukanyaga mguu mmoja, asichuliwe wala asikandwe, apelekwe. Kwa mtoto mwenye selimundu hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu chembe zake za damu zilizopinda huziba mishipa midogo na kuua vipande vya mfupa, na maumivu ya hali hiyo hufanana sana na ya usaha. Yeye pia yumo hatarini zaidi kwa bakteria, salmonela wakiwamo. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka, na wengine kati yao huanza kuonyesha ugonjwa kwa kuvimba viganja na nyayo kabla hata hawajajua kutembea.

Jongo nalo huja kwa saa, tena za usiku. Mtu kalala mzima, saa nane anaamshwa na kidole gumba cha mguu kinachowaka moto, hata shuka likikigusa anagutuka. Kisa chake kinaeleweka vizuri kuliko karibu ugonjwa mwingine wowote wa viungo. Mwili unapovunja purini, zilizomo katika chembe zetu wenyewe na katika vyakula, hubakia asidi ya yuriki. Theluthi mbili hivi za asidi hiyo hutolewa na figo. Ikizidi katika damu kwa miaka, huganda viungoni kuwa fuwele nyembamba kama sindano, na siku kinga ya mwili inapozivamia fuwele hizo, ndipo mtu anapopiga kelele. Mwaka 1961 madaktari wa Kimarekani McCarty na Hollander walizionyesha fuwele hizo kwa hadubini ya mwanga maalumu katika maji ya kiungo, na mpaka leo hakuna kipimo kinachoshinda hicho.

Mtaani jongo ni ugonjwa wa nyama choma na bia, na mgonjwa huchekwa kabla hajapewa pole. Uhusiano upo: nyama nyekundu, maini, figo, bia na soda zenye sukari nyingi huongeza asidi ya yuriki, na dagaa nao, chakula cha mnyonge, wana purini nyingi. Lakini sehemu kubwa ya kisa hiki imo katika figo na katika urithi, ndiyo maana mezani wanakaa wanne na anayeugua ni mmoja. Maharage na mchicha, ambavyo wagonjwa wengi hukatazwa, havijaonekana kuongeza hatari. Wanaosahaulika ni washukiwa walio ndani ya kabati la dawa: vidonge vya kukojosha wanavyopewa wenye presha, aspirini ya kiasi kidogo inayonywewa kila siku, na pirazinamidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu. Mgonjwa wa kifua kikuu anayelalamika viungo wiki ya tatu ya matibabu si lazima awe na ugonjwa mpya, na asiache dawa kwa ajili hiyo, aseme kliniki.

Matibabu ya jongo yana sehemu mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kuzima moto wa siku ile kwa dawa za maumivu, kolchisini au prednisoloni ya siku chache. Ya pili ni kuishusha asidi yenyewe kwa alopurinoli, dawa iliyotoka katika kazi za Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata tuzo ya Nobel mwaka 1988. Dawa hii huanzwa kwa kiasi kidogo, aghalabu miligramu 100 kwa siku, ikapandishwa taratibu mpaka asidi iwe chini ya mikromoli 360 kwa lita, kisha ikaendelea kunywewa kwa miaka. Mwanzoni inaweza kuchokoza shambulio, kwa sababu fuwele zinapoyeyuka hutikisika. Mgonjwa asiyeambiwa hilo mapema husema dawa imemzidishia ugonjwa, akaitupa. Jambo ambalo kila mnywaji wa alopurinoli anapaswa kulijua ni upele: ukitokea, aache siku hiyo hiyo na arudi hospitali, maana kwa watu wachache huwa mwanzo wa hatari kubwa.

Kundi la pili huja kwa siku, na hapa Afrika Mashariki imetoa majina kwa dunia nzima. Mwaka 1952 homa ilizuka katika uwanda wa Makonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika. Watu walianguka ghafla, joto likapanda, viungo vikauma mpaka mtu hawezi kusimama wima. Wenyeji hawakuwa na maabara, na hawakukisia habari za ubaridi wala ukavu. Walimtazama mgonjwa anavyotembea, wakaiita homa kwa kile walichokiona: chikungunya, chenye kumkunja mtu. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walipoandika habari zake mwaka 1955 walilichukua jina lilivyo, na sasa linatamkwa Brazil na India. Mwaka 1959 kirusi ndugu yake kikazuka Uganda, Waacholi wakakiita o'nyong-nyong, kwa maana ya kudhoofisha viungo. Wimbi lake lilipita mpaka Kenya na Tanganyika, likakadiriwa kuwapata watu milioni 2. Kwangu mimi majina haya mawili ni utabibu bora kuliko baridi yabisi, kwa sababu yanaeleza mwili ulivyo na hayadai kujua sababu.

Zanzibar nayo ina yake. Daktari James Christie, aliyekuwapo kisiwani, aliandika juu ya homa ya mwaka 1870 ambayo wenyeji waliijua kwa jina la kidinga popo. Leo jina hilo tunalitumia kwa dengi, lakini watafiti waliosoma maelezo ya maumivu yaliyong'ang'ania viungoni baada ya homa kuisha walishuku kwamba huenda ilikuwa chikungunya. Mwaka 2004 chikungunya ilirudi pwani kwa kishindo. Ilianzia Lamu wakati wa ukame, watu wakiwa wameweka akiba ya maji majumbani, na mbu aina ya Aedes, wanaouma mchana, huzaa humo humo katika madumu na mitungi. Uchunguzi wa damu ulikadiria kuwa robo tatu ya wakazi wa Lamu waliambukizwa. Ikafika Mombasa, ikavuka kwenda Komoro, kisha ikaenea visiwa vya Bahari ya Hindi.

Wengi hupona kwa wiki moja au mbili. Wapo ambao homa huondoka na viungo vikabaki vimevimba kwa miezi, wengine miaka, na hao hufanana na mgonjwa wa rumatoidi kiasi cha kumchanganya hata mtaalamu. Hapo tena swali la wakati huokoa: ulikuwa na homa kali lini, na nani mwingine nyumbani aliugua wiki ile?

Kwa mtoto wa kati ya miaka 5 na 15, maumivu yanayoruka, leo goti, kesho kifundo, keshokutwa kiwiko, yanapaswa kumtisha mzazi kwa sababu isiyohusu viungo. Hiyo huenda ikawa homa ya baridi yabisi, mwitikio wa mwili unaofuata wiki mbili tatu baada ya koo kuuma kwa bakteria streptokokasi. Tazama jina lile lile linavyorudi likiwa limevaa ugonjwa mwingine kabisa! Viungo vya mtoto huyu hupona bila alama. Vali za moyo ndizo zinazobaki na makovu, na kila koo jingine likiuma makovu huongezeka, mpaka siku moja msichana wa miaka 20 akashindwa kupumua akiwa na ujauzito wa kwanza. Kinga yake ni nafuu mno: koo litibiwe kwa penisilini, na aliyekwisha kuugua achomwe sindano ya benzathini penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka. Vali zikishaharibika kinachobaki ni upasuaji, kama unaofanywa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na foleni yake.

Sasa yale ya wiki na miezi, alipokuwa mama yangu mkubwa.

Kiungo kina utando wa ndani unaotoa ute wa kukilainisha. Katika rumatoidi, kinga ya mwili huuvamia utando huo, ukavimba, ukanenepa na kuanza kula gegedu na mfupa wa jirani. Kwa nini kinga igeuke? Urithi umo, sigara imo, na wanawake hupatwa mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Baridi ya usiku haimo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa na ugonjwa huu. Huanza aghalabu kwenye viungo vidogo vya vidole, viganja na nyayo, kulia na kushoto kwa pamoja, na ukiachwa hupinda vidole. Haukomei viungoni: hugusa mapafu, macho na mishipa ya moyo.

Lupasi ni jamaa yake. Humshika zaidi mwanamke kijana, humletea viungo kuuma, nywele kukatika, vidonda mdomoni, wakati mwingine wekundu mashavuni ambao juu ya ngozi nyeusi hauonekani wekundu bali weusi, ndiyo maana hupita bila kutambuliwa. Figo zake zinaweza kuharibika kimyakimya, kwa hiyo kipimo cha mkojo cha bei ndogo kinaweza kuwa na thamani kuliko eksirei kumi. Katika nchi zetu mgonjwa huyu huweza kuzungushwa kwenye malaria, kifua kikuu na VVU kabla ya jina la lupasi kutajwa. VVU vyenyewe vinaweza kuleta maumivu ya viungo, basi kupima si kosa. Kosa ni kuishia hapo kipimo kinapotoka safi.

Na yapo maambukizi yanayokwenda polepole. Kifua kikuu kinaweza kukaa katika nyonga, goti au pingili za uti wa mgongo bila kikohozi hata kimoja. Kiungo huvimba kwa miezi bila joto kali, mtu akakonda, jasho la usiku likamlowesha. Bruselosi huwafuata wafugaji, wachinjaji na wanywaji wa maziwa mabichi, ikileta homa zinazokuja na kuondoka, mgongo na nyonga zikauma. Hutibiwa kwa mchanganyiko wa antibiotiki kwa wiki 6 au zaidi, na hurudi kwa aliyemeza za wiki moja akajisikia nafuu. Magonjwa haya mawili ndiyo yanayomlazimu daktari wa Dodoma au Narok kuwa mwangalifu kuliko wa London kabla ya kuandika dawa ya kupunguza kinga.

Vipimo husaidia hapo, ila vina hila zake. Maabara nyingi siku hizi zina kifurushi cha "vipimo vya viungo", na mgonjwa hutoka na karatasi yenye maneno asiyoyaelewa na hofu anayoielewa vizuri. Kipimo cha rumatoidi fakta hukuta karibu wagonjwa saba au wanane kati ya 10. Maana yake wawili watatu wanao ugonjwa na kipimo kinasema hawana. Tena kinaweza kuwaka kwa mwenye kifua kikuu, homa ya ini, malaria au uzee mtupu. Kipimo kipya zaidi cha anti-CCP hudanganya mara chache kuliko hicho, lakini hakipatikani kila mahali. Asidi ya yuriki inaweza kusoma kawaida siku ile ile jongo linapomtafuna mtu, na kuwa juu kwa aliye mzima kabisa. Kipimo cha ASO kinasema tu kwamba streptokokasi alipita; watu wazima wenye magoti ya uzee hawapaswi kuchomwa penisilini kwa ajili yake. Eksirei ya miezi ya kwanza ya rumatoidi huwa safi, kama ilivyokuwa kwa mama yangu mkubwa, na usafi ule haukuwa habari njema; ulikuwa na maana kwamba bado kulikuwa na cha kuokoa.

Kipimo ninachokipigia debe ni sindano ya kuvuta maji ya kiungo kilichovimba. Hakihitaji mashine kubwa. Maji meupe ya usaha, ya manjano yenye fuwele au mekundu ya damu humaliza ubishi ambao karatasi tano za maabara haziwezi. Watu huogopa kwamba "ute utaisha". Hauishi; utando huutengeneza upya.

Habari ya ute inanileta kwenye magoti, na kundi la miaka. Huu ndio ugonjwa wa wengi: Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 528 mwaka 2019, asilimia 60 wakiwa wanawake, na goti likiongoza. Gegedu hupungua, mfupa wa chini yake huwa mgumu na kuota miiba, misuli ya paja hulegea. Umri, uzito, jeraha la zamani la mpira na kazi za kuchuchumaa na kubeba huchangia. Mgonjwa huambiwa "mifupa imesagika", na neno hilo, kwa maoni yangu, limelemaza watu wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Aliyeambiwa mifupa yake inasagana hukaa kitini asiisage zaidi. Gegedu haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute unaosukumwa ndani yake kila kiungo kinapokandamizwa na kuachiwa, kama sponji. Kuketi kutwa ni kuinyima chakula.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya goti hili ni kutembea na kuimarisha misuli ya paja, hata kwa kukaa ukingoni mwa kitanda na kunyoosha mguu mmoja mmoja mara kadhaa asubuhi na jioni. Dawa ya pili ni uzito: kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa karibu kilo 4 kwa kila hatua. Maji ya bamia, ambayo yana wapenzi wengi kwa kuwa utelezi wake unafanana na ute, huishia tumboni kama mboga nyingine. Supu ya kongoro ni tamu, na ndiyo sifa yake. Vidonge vya glukosamini, vinavyouzwa kwa bei ya kuumiza, havikuonyesha faida kubwa kuliko vidonge vya uongo katika majaribio makubwa. Kukanda kwa maji ya moto kunatuliza, sina ugomvi nako. Mzee ambaye sijida imemshinda ana ruhusa ya kuswali kitini, na choo cha kukaa si anasa kwa mwenye magoti hayo. Pale yote yanaposhindwa, usiku halali na dukani hafiki, kuna kubadilishiwa goti au nyonga, upasuaji unaofanyika Muhimbili katika taasisi ya MOI na katika hospitali kubwa za Nairobi.

Wakazi wa Arusha, Kilimanjaro na Singida wana jambo lao la ziada. Maji ya huko yana floridi kupita kiasi katika sehemu nyingi; kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia kila mtu anayaona. Wachache wanajua kwamba floridi ileile, ikinywewa kwa miaka mingi, hukaza mgongo na viungo na kupinda miguu, na hakuna mafuta wala kidonge kitakachosaidia huku kisima kikiwa kile kile.

Nimeacha dawa za maumivu mpaka sasa kwa makusudi, kwa kuwa ndizo watu huanza nazo. Diklofenaki, ibuprofeni na dada zake hupunguza uvimbe, na kwa siku chache kwa mtu mzima wa afya ni msaada. Zikinywewa miezi na miaka hutoboa tumbo, hupandisha presha na kuua figo, hasa za mzee mwenye kisukari. Hatari zaidi ni ile dawa ya asili ya unga au kidonge kisicho na jina inayomwinua mgonjwa kwa siku mbili. Katika nchi nyingi dawa za namna hiyo zilipopimwa zimekutwa zimechanganywa deksamethasoni au prednisoloni. Steroidi hizi zina ajabu yake: Philip Hench alipomchoma mgonjwa wa rumatoidi kotisoni kwa mara ya kwanza mwaka 1948, aliyekuwa hawezi kutembea alitembea, na miaka miwili baadaye Hench na wenzake wakapewa Nobel. Miaka iliyofuata ikaonyesha gharama: uso kuvimba mviringo, ngozi kuwa karatasi, sukari kupanda, mifupa kuwa chaki, nyonga kufa. Na haiachwi ghafla, maana mwili huwa umesahau kutengeneza ya kwake. Kwa daktari anayejua, steroidi ni daraja la wiki chache kuelekea dawa halisi.

Dawa halisi ya rumatoidi ni methotreksati, iliyoanza kama dawa ya saratani na ambayo kwa kiasi kidogo huituliza kinga ya mwili. Haizimi maumivu leo. Huchukua wiki 6 hadi 12 kuonekana. Ini na damu hupimwa mara kwa mara, pombe huachwa, na haigusani kabisa na ujauzito. Ikianzwa ndani ya miezi michache ya mwanzo, wengi huepuka vidole kupinda. Miaka ikipita, hupunguza kasi tu. Pembeni yake huwekwa hidroksiklorokwini, mdogo wa ile klorokwini tuliyoimeza tukiwashwa mwili mzima mpaka Tanzania ilipoiondoa kwenye malaria mwaka 2001. Hii ndiyo nguzo ya lupasi pia, na macho hukaguliwa. Zipo sindano mpya kama adalimumabu, ambazo tangu 2019 zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa wengi wetu bei yake inazifanya ziwe habari za kusikia, na kabla ya kuzitumia lazima kifua kikuu kilicholala kitafutwe, kisije kikaamka.

Madaktari bingwa wa fani hii katika Afrika Mashariki ni wachache, wengi wao katika miji mikubwa. Nchini Kenya waliwahi kuendesha mafunzo yaliyoitwa UWEZO kwa ajili ya wahudumu wa ngazi za chini, kwa hoja rahisi kwamba mgonjwa huonwa kwanza na tabibu wa kituo cha afya, na huyo ndiye anayeishika miezi ile ya mwanzo mkononi.

Mama yangu mkubwa alifikia methotreksati mwezi wa tisa. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikwishaanza kuinama, na vimebaki hivyo. Cherehani bado anaendesha. Daktari alipompa vidonge alichukua kalamu akaandika juu ya boksi kwa herufi kubwa JUMATATU TU, kwa kuwa dawa hii hunywewa mara moja kwa wiki, na wapo waliokufa kwa kuinywa kila siku kama Panadol. Kwenye chupa ya foliki asidi, inayopunguza madhara yake, akaandika ALHAMISI. Mama mkubwa akauliza kama anaweza kubadilisha siku, maana Jumatatu ndiyo siku yake ya kwenda Kariakoo kununua vitambaa na dawa humtia kichefuchefu. Daktari akafuta, akaandika JUMAMOSI USIKU.